Kunong'ona na Kunung'unika: Suala la Msikilizaji

Maelezo yaliyozoeleka ya kitenzi nong'ona ni kusema kwa sauti ndogo. Na ya nung'unika, kusema chini kwa chini kwa kutoridhika. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanapima sauti na kumsahau msikilizaji. Makala haya yanadai kwamba ni msikilizaji, wala si sauti, anayeyatenga maneno haya mawili, na kwamba tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa.

Ushahidi wa kwanza umo katika sarufi. Katika "alimnong'oneza", kiambishi -m- humtaja mwenye sikio, yaani mtu aliyeteuliwa asikie huku wengine wakinyimwa. Katika "alimnung'unikia", kiambishi hicho hicho humtaja mlaumiwa, ambaye huenda asisikie hata neno moja. Kwa hiyo wapendanao huweza kunong'onezana, ilhali watu hawanung'unikiani pasipo kinyongo. Kumumunya maneno nako ni jambo jingine: msikilizaji yupo na anangoja, ila msemaji ameyazuia maneno kinywani.

Nakuru ni mji uliotokana na reli na mashamba ya walowezi. Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo hukutana humo kwa Kiswahili, na wengi wao huzungumza lugha za kwao wakiwa na watu wa kwao. Katika hali hiyo ni rahisi mazungumzo ya kawaida yaitwe minong'ono na mpita njia asiyeyaelewa. Hapo neno halielezi tena sauti ya msemaji, bali hofu ya asiyesikia. Tena, katika wingi wake, minong'ono imekwisha kuwa na maana ya uvumi. Katika eneo lililopatwa na mapigano ya Molo ya mwaka 1992, na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maana hiyo si ya kuchezewa.

Nung'unika nayo ina hatari yake. Malalamiko hupokewa, huandikwa na hutiwa katika faili; manung'uniko huonekana kama tabia ya mtu asiyeridhika. Mkulima aliyefukuzwa shambani anaweza kuyasema maneno yale yale mbele ya baraza, lakini jina atakalolitumia karani ndilo litakaloamua kama atajibiwa au atanyamazishwa. Jambo hili lafaa kukumbukwa na wote wafasirio ushahidi wa aina ile uliotolewa mbele ya Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, na Tume ya Jaji Waki ya mwaka 2008. Shahidi anayesema kwa sauti ya chini huenda ananong'ona kwa kuwa jirani yake yu karibu. Akiandikwa kuwa alinung'unika, woga wake umegeuzwa kuwa ukaidi.

Wanakamusi, basi, hawana budi kuongeza swali moja katika kazi yao. Pamoja na kuuliza neno lilisemwa kwa sauti gani, waulize ni nani aliyekusudiwa alisikie, na ni nani aliyekusudiwa asilisikie. Bila swali hilo, maneno haya mawili yatabaki kama visawe katika kamusi, hali wasemaji wenyewe hawajapata kuyachanganya.