Mkono Unaovisha Nyumba Taa

Mwaka 1925, katika jiji la Kansas City nchini Marekani, mfanyakazi wa matengenezo aliyeitwa Charles Pitrat alitundika uzi mmoja wa taa 16 za rangi juu ya mlango wa jengo katika mtaa wa maduka wa Country Club Plaza. Krismasi ilikuwa inakaribia, na mtaa wenyewe ulikuwa bado mchanga. Siku hizi nyuzi za taa zinazotundikwa hapo zikinyooshwa hupita kilomita 100, zikifuata kingo za mapaa, minara na makuba. Umati hufurika usiku wa sikukuu ya Shukrani kushuhudia swichi ikiwashwa, na mwanga ukitokea watu hupiga makofi. Kazi yenyewe huwa imeanza miezi kadhaa nyuma, jua likiwa bado kali, mafundi wakipanda na kushuka ngazi na kukagua balbu moja baada ya nyingine.

Ufundi huu haujapewa heshima yake. Kwetu arusi ikifana, mpishi huombewa dua na mpambaji wa ukumbi huulizwa namba yake ya simu. Aliyeivisha nyumba nzima taa hulipwa akaondoka, ilhali wageni waliotoka mbali waliifikia nyumba hiyo kwa kuelekezwa tu: ingia mtaani, utaiona ile yenye taa.

Fundi mzuri huanza na mchana. Husimama ng'ambo ya barabara akalipima jengo kwa macho kama fundi cherehani anavyompima mtu kabla ya kugusa mkasi. Huangalia paa linaishia wapi, dirisha gani liko juu kuliko mwenzake, ukuta gani umepinda na wenyewe hawajui. Usiku jengo litapotea gizani na kitakachobaki ni mstari. Uzi ukilegea kidogo kati ya pembe mbili, jicho litakwenda papo hapo pale ulipolegea. Ndiyo maana kwenye nafasi pana, labda kutoka barazani hadi mwembeni, hutangulia kukaza kamba ya chuma, kisha akaufunga waya wa taa kwenye kamba hiyo. Uzito unabebwa na chuma, na waya unabaki na kazi yake ya kupitisha umeme.

Historia ya ufundi huu ni fupi. Tarehe 22 Desemba 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliupamba mti wa Krismasi nyumbani kwake New York kwa balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu. Kabla ya hapo watu walibandika mishumaa kwenye matawi makavu, na nyumba ziliungua. Nyuzi nyingi zilizofuata ziliungwa kwa mfuatano, umeme ukipita ndani ya balbu hii ndipo uifikie ile. Moja ikifa, zote zinazimika, na fundi analazimika kujaribu kila balbu mpaka aipate iliyomponza. Kuungwa sambamba, kila balbu na njia yake, ndiko kulikompunguzia adha hiyo.

Kisha ikaja hesabu ya wati. Balbu ya zamani ya nje, ile nene ya umbo la yai, hula takriban wati 7. Uzi wa balbu 100 ni wati 700. Soketi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 240 hubeba wati 3,000 na kidogo, kwa hiyo nyuzi nne za namna hiyo zinakaribia kuimaliza, bila kuhesabu spika za muziki zilizochomekwa pembeni. Mwaka 1973, mafuta yalipoadimika duniani, Rais Richard Nixon aliwataka Wamarekani waache kuwasha taa za mapambo. LED ndiyo iliyobadilisha mambo, kwa kuwa balbu yake haifiki wati moja. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu, ambayo bila hiyo tusingekuwa na LED nyeupe.

LED nazo zina hila zake. Uzi mrefu wa volti 12 hupoteza nguvu njiani. Kwenye uzi unaopata weupe kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu, buluu na kijani zinahitaji karibu volti 3, nyekundu inatosheka na 2 hivi, kwa hiyo weupe ulioanza safi pale mlangoni unafika mwisho wa ukuta ukiwa na wekundu. Asiyejua hulaumu taa. Anayejua huuingiza umeme katikati ya uzi, au pande zote mbili, na ukuta mzima ukawa na rangi moja. Hujua pia kusoma kibandiko: taa ambazo ndugu amezituma kutoka Marekani nyingi zimetengenezwa kwa volti 120, na zikichomekwa moja kwa moja Dar es Salaam au Mombasa zitaungua.

Pwani yetu ni mtihani mkubwa zaidi. Chumvi ya bahari hula kila kiungo cha shaba kilichoachwa wazi, na mvua ya kusi huja kwa ubavu. Taa ya nje itafutwe yenye alama ya IP65, inayostahimili vumbi na maji ya kurushwa. Karibu na soketi, waya ulegezwe ushuke chini kwanza ndipo upande kuingia, ili matone yadondokee pale waya ulipopinda na yasifuate njia ya umeme. Ni jambo dogo, halina gharama, na kwa macho yangu ndilo linaloonyesha upesi kama aliyepita hapo ni fundi au mbabaishaji.

Halafu kuna kuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Msumari ukipigwa hapo plasta hupasuka, maji yakaingia, na ukuta ukaanza kuoza kwa ndani. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ndilo lililokuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, kwa hiyo taa na matumbawe vimejuana siku nyingi. Lakini uzi wa Maulidi hauna haja ya msumari. Hufungwa kwenye nguzo za roshani na vyuma vya madirisha, ukafunguliwa sherehe ikiisha, na ukuta usibaki na kovu.

Mahoteli ya ufukweni yana deni lao. Vifaranga vya kasa wakianguliwa usiku huufuata upeo wenye mwanga zaidi, ambao tangu zamani ulikuwa bahari. Uzi wa taa nyeupe ukitazama ufukwe, Watamu au Mafia, huwavuta nchi kavu wakafa. Fundi mwenye utu huzielekeza taa ndani, huzishusha chini, na huchagua rangi ya kaharabu. Mwenye hoteli akikataa, fundi ana haki ya kukataa kazi.

Basi mwenye arusi au duka linalofunguliwa amwite fundi siku mbili kabla, mchana. Ampe mtu wa kushika ngazi, na ngazi yenyewe iegemezwe vizuri, mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za kwenda juu. Amwonyeshe kikata umeme kilipo. Na malipo ya kuzishusha taa yapatanwe siku ile ile ya kuzipandisha, kwani kushusha nako ni kazi ya juu ya ngazi, yenye hatari ile ile.