Utubora Ufukoni: Uadilifu wa Kukataa na Uadilifu wa Kuomba

Utubora Mkulima, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1968, miaka 6 baada ya mwandishi kufariki, imezoeleka kusomwa kama kielelezo cha utu. Mhusika mkuu anaacha kazi kwa tajiri Ahmed, anakataa kushawishiwa kwa nyongeza ya mshahara, na kwenda shamba kuishi kwa jasho lake. Makala haya hayaupingi usomaji huo. Yanauliza swali ambalo usomaji huo huliruka: je, uadilifu wa mtu hupimwa anapokataa tu, au pia anapotafuta?

Swali hili hujitokeza wazi riwaya inaposomwa kutoka Eliye Springs, ufukoni magharibi mwa Ziwa Turkana. Hapa chemchemi hutoa maji baridi kando ya ziwa la magadi na mikoma husimama mchangani, lakini shamba la kumtenga mtu na wenzake halipo. Riziki ni mifugo, samaki, na watu.

P. H. Gulliver, katika The Family Herds (1955), alionyesha kwamba mfugaji wa Kiturkana ni mtu wa kujiamulia mno. Huhamisha kundi lake apendapo, kwa hesabu yake mwenyewe. Hata hivyo, mtu huyo huyo huwa na washirika wa mifugo: ndugu, wakwe na marafiki, ambao huwaomba wanyama anapooa au anapofikwa na msiba, nao humwomba yeye. Lengo ni lake binafsi, yaani kundi lake na ndoa yake. Njia ya kulifikia imo mikononi mwa wengine. Kwa hiyo hafichi haja yake, na anayempa hujua kuwa kesho zamu itageuka. Uadilifu wa namna hii hauondoi maslahi. Huyaweka hadharani, mahali yanapoweza kudaiwa.

Tukimpima Utubora kwa kipimo hiki, tunaona kuwa mwandishi ameshughulikia zaidi heshima ya anayejinyima na anayetoa. Ugumu wa anayeomba haukupewa uzito huo. Na kutoa peke yake hakutoshi. Kalokol, kaskazini mwa Eliye, kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa kwa msaada wa Norway na kukamilika mapema miaka ya 1980. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu, kwani gharama ya kugandisha samaki katika joto lile ilishinda faida. Nia ilikuwa njema. Lakini mfugaji aliingizwa katika mpango ule kama mpokeaji kuliko mshirika. Mtoaji asiyeweza kudaiwa na anayempa anaweza kukosea bila hata kuambiwa.

Mtu anaweza kusema kuwa tunamwonea Shaaban Robert. Hoja hiyo ina uzito. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, na alijua thamani ya mtumishi kusema hapana kwa mwajiri. Isitoshe, ushirika wa mifugo una mipaka yake: mtu mwaminifu kabisa kwa washirika wake ameweza kwenda kupora ng'ombe wa jirani aliye nje ya mzunguko huo, na mashairi ya sifa hayakumnyima nafasi. Hapo ndipo utu wa Shaaban Robert, usiouliza mtu ni wa ukoo gani, unapousahihisha ufuko.

Kwa hiyo Utubora na mfugaji wa Eliye wanahitajiana. Wa kwanza anatufundisha kwamba kuna bei ambayo mtu hapaswi kuipokea. Wa pili, kwamba aliyekataa bei hiyo bado atahitaji wenzake, na namna atakavyowaomba ni sehemu ya utu wake. Uhakiki wetu umemsifu sana wa kwanza. Umefika wakati wa kumsoma pamoja na wa pili.