Neno "Hatta" Katika Vita vya Kagera



Kwetu huku Handeni na Korogwe, mazungumzo ya barazani yakifika vita vya Kagera, utasikia kwanza yale mambo matatu aliyoyataja Rais Nyerere tarehe 2 Novemba 1978: uwezo, sababu na nia. Hata kijana aliyezaliwa miaka thelathini baadaye anayajua. Kisha hutajwa "Nduli", kisha kutekwa kwa Kampala Aprili 1979, na hadithi imekwisha, watu wanainuka kwenda kuswali. Mimi nataka kuyapima masimulizi haya, kwani yana upungufu, na upungufu wenyewe watugusa sisi Waislamu.

Ufasaha wa hotuba ile sina la kuukosoa. Wala sababu yake haikuwa ya uongo. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaishika ardhi yote hadi mto Kagera, yakaua raia, yakapora ng'ombe, daraja la Kyaka likalipuliwa, na Amin akatangaza kuwa ardhi hiyo ni yake. Aliyevamiwa akijitetea, sharia haimlaumu.

Lakini itazame aya ya 9 ya Sura ya Hujurat. Mwenyezi Mungu anaamrisha kundi lililodhulumu lipigwe, kisha analiweka neno dogo sana, "hatta", yaani mpaka: mpaka lirejee katika amri Yake. Likirejea, ni sulhu kwa uadilifu. Wanafunzi wa nahau huipita "hatta" mbio, kama herufi ya kukariri tu, ilhali hapa ndiyo inayotenganisha vita na kisasi. Katika mambo yale matatu, "mpaka" haimo.

Sisemi kuwa kuvuka kuingia Uganda kulikuwa haramu. Nyerere aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani mvamizi, akataka Amin aliache dai lake na alipe fidia, hakupata. Mwenye kusema kuwa Amin hakuwa amerejea, ana hoja. Langu mimi ni Masaka. Mji ule ulitekwa Februari 1979, na majumba yake yakavunjwa kulipiza yaliyotendwa Kagera. Sayyidna Abubakar, Mwenyezi Mungu amridhie, aliyausia majeshi yaliyokwenda Sham yasiue mwanamke, mtoto wala mzee, yasikate mti wa matunda, yasibomoe mahali panapokaliwa na watu. Mwenye nyumba wa Masaka alimkosea nini mwenye nyumba wa Kyaka? Wasimulizi wetu hupapita pale kama gari moshi la haraka lisilosimama Mnyuzi.

Lipo na jingine. Wako wanaonong'ona kuwa Amin alipigwa kwa sababu ni Mwislamu, na Gaddafi wa Libya alipomletea askari mnong'ono ukapata nguvu. Huu ni uvivu wa kufikiri. Aya ile ile yasema makundi mawili ya Waumini. Maana yake dhalimu aweza kuwa mwenzetu katika swala, na bado apigwe. Vijana wa Kiislamu wa mkoa huu walikwenda vitani bega kwa bega na wa dini nyingine, na miongoni mwa Waganda walioteswa na Amin walikuwamo Waislamu vile vile.

Hata hivyo, mwenye kuukanusha mnong'ono huo asifiche yaliyotokea Bushenyi, magharibi ya Uganda, mwaka huo huo wa 1979. Waislamu waliuawa huko kwa kulipizwa kisasi cha utawala ulioanguka. Walilipishwa deni la mtu ambaye mwenyewe alikwisha kimbilia Libya, kisha Saudia, akafa Jeddah kitandani mwaka 2003. Hao hawana nafasi barazani.

Na baada ya Kampala? Askari wetu walibaki Uganda hadi 1981. Wananchi waliombwa wafunge mikanda miezi 18, na miezi 18 ikapita, mikanda ikiwa bado imefungwa. Haya wanaume hawayasimulii. Wanayajua zaidi wanawake, waliopanga foleni ya sukari na sabuni, waliopika kilichopatikana na kukigawa kwa kijiko. Muulize bibi wa Korogwe aliyekuwa na watoto wadogo mwaka 1980 vita viliisha lini. Hatakutajia Aprili.