Namba Pepe, Namba Hewa, Namba Bandia: Mashaka ya Istilahi Moja

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika lugha yetu kwa mlango wa uani, bila ya kubisha hodi wala kukaguliwa na kamati yoyote ya istilahi, ni yale yanayotumika kuitaja namba ya simu ambayo haikufungwa kwenye laini iliyomo ndani ya simu ya mtu. Mmoja huiita namba pepe, wa pili namba hewa, wa tatu namba bandia, na wa nne, akijaribu kusawazisha mambo, huiita namba ya mtandaoni. Si nia ya makala haya kulalamikia wingi wa visawe. Kiswahili kimezoea visawe na hakijapata kudhurika kwa sababu hiyo. Tunalolalamikia ni kwamba kila moja kati ya maneno haya manne linampa msikilizaji picha isiyo ya kweli ya kitu kinachotajwa, na kwamba wapo watu wanaopoteza mali na siri zao kwa kuziamini picha hizo.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe. Mtu anapofungua akaunti katika intaneti, iwe ya barua, ya mazungumzo au ya biashara, mara nyingi hutakiwa kuandika namba yake ya simu. Kisha hutumiwa ujumbe mfupi wenye tarakimu chache, aghalabu sita, naye huzinakili tarakimu hizo mahali alipoelekezwa. Kwa kawaida ujumbe huo hupokewa na laini iliyomo katika simu yake. Lakini namba ya simu si laini, wala si simu. Ni anwani tu, iliyopangwa kwa utaratibu wa kimataifa usioruhusu zaidi ya tarakimu 15, nayo huanza na namba ya nchi, kama vile 255 kwa Tanzania, 254 kwa Kenya na 44 kwa Uingereza. Kampuni iliyopewa fungu la namba yaweza kuifunga anwani hiyo kwenye laini. Au yaweza kuiacha ndani ya kompyuta zake, na kila simu au ujumbe unaofika hapo ukapelekwa kwa njia ya intaneti kwenye programu aliyoichagua mteja. Hiyo ya pili ndiyo namba tunayoizungumzia. Kwa namba ya namna hiyo, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aweza kupigiwa simu kwa namba ya London ilhali hajapata kuvuka hata mkondo wa Kigamboni.

Basi hapa pana kosa ambalo asili yake si kwetu. Wenye Kiingereza ndio walioipachika namba hiyo sifa yenye maana ya kitu kinachofanya kazi kana kwamba kipo, ilhali kwa hakika hakipo. Sifa hiyo haiistahili namba. Namba hiyo ipo kama zilivyo namba nyingine zote, na imetoka katika mpango wa namba wa nchi fulani kama zilivyotoka nyingine. Kisichokuwapo ni laini. Mfasiri aliyeng'ang'ania neno kwa neno amelipokea kosa la wenyewe, kisha akaliongezea la kwake.

Neno pepe lilipata heshima kutokana na barua pepe, istilahi iliyokubalika upesi kwa kuwa ni fupi na kwa kuwa huleta fikra ya upepo, yaani wepesi wa kusafiri. Tangu hapo limekuwa likibandikwa kwenye kila kitu cha kompyuta kama bango la uchaguzi. Kwa mkulima wa mpunga, hata hivyo, pepe ni punje isiyokuwa na kiini. Apetapo, mapepe ndiyo yanayopeperuka. Barua ikisifiwa kwa upepo hakuna hasara, maana kazi ya barua ni kusafiri. Kazi ya namba ni kukaa mahali pamoja ili mwenyewe apatikane. Namba pepe, kwa sikio la mtu wa Kyela au Kilombero, ni namba tupu isiyojaza kibaba.

Namba hewa ni mbaya zaidi. Katika Tanzania neno hewa limekwisha kuwa neno la hukumu. Tangu Serikali ilipofanya zoezi la kuwaondoa watumishi hewa katika orodha za mishahara mwaka 2016, sidhani kama yupo asiyejua kwamba kitu hewa ni kitu kilichoandikwa kwenye karatasi ili fedha zipate kuibwa. Neno bandia, kwa upande wake, lina sura mbili. Meno ya bandia na mguu wa bandia ni vitu halali, tena vya rehema. Noti bandia na dawa bandia ni uhalifu. Ubaya ni kwamba neno hili likikaribiana na simu husomwa kwa maana ya pili tu. Kwa hiyo mama anayeuza nguo kwa njia ya intaneti na asiyependa kila mteja awe na namba yake ya nyumbani, mwandishi wa habari anayemkinga mtoa habari wake, na mwenye duka aliyekodi namba ya ng'ambo kwa ajili ya wateja wake, wote hutiwa kapu moja na matapeli.

Hatusemi kwamba matapeli hawazitumii namba hizi. Wanazitumia, na sababu yake ni wazi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliagiza laini zisajiliwe, na tangu mwaka 2019 usajili huo umekuwa ukifanywa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Nyuma ya laini ya Tanzania, basi, yupo mtu mwenye jina. Nyuma ya namba iliyokodiwa kwa saa moja katika nchi ya mbali huenda asiwepo mtu anayeweza kutajwa. Lakini tabia ya mtumiaji haipaswi kufanywa sifa ya kitu. Panga hutumika shambani na hutumika katika ujambazi, na bado tunaliita panga.

Limebaki la nne, namba ya mtandaoni, ambalo wengi hudhani kuwa halina kasoro. Kasoro yake ni kwamba kwa Watanzania mtandao ni kampuni ya simu pia. Mtu akiulizwa anatumia mtandao gani, hutaja kampuni iliyomuuzia laini. Kwa hiyo namba zote ni za mtandaoni, na istilahi isiyotenga haifai kuitwa istilahi.

Pendekezo letu ni la kawaida mno, na huenda likawachukiza wapendao maneno mapya: namba isiyo na laini. Itasemwa kuwa ni refu. Ni refu, naam, lakini barabara isiyo na lami ni ndefu vilevile na hakuna aliyechoka kuitaja. Kiunganishi "na" kisiachwe, kwani namba isiyo laini itakuwa ni namba ngumu. Wapo pia watakaopendelea "isiyo na kadi". Hao tunawakumbusha kuwa siku hizi simu nyingine zina laini ambayo si kadi ya kuchomeka, bali imo ndani ya simu yenyewe tangu kiwandani. Laini hiyo ni laini.

Hata hivyo, jina la jumla halitoshi, na hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi. Chini ya jina hilo moja zimerundikwa namba za aina tatu zisizofanana hata kidogo: ile ambayo mtu ameikodi peke yake na kuilipia kila mwezi, ile inayokodiwa kwa dakika chache ili ipokee ujumbe mmoja tu, na ile iliyowekwa hadharani ambapo kila ujumbe unaoingia husomwa na yeyote apitaye. Kijana mmoja jirani yetu alisoma maelezo ya Kiswahili yaliyomwambia atumie "namba pepe ya bure" kufungulia akaunti ya kuuzia picha zake. Alifanya hivyo. Baada ya wiki kadhaa alikuta hawezi kuingia. Mtu mwingine alikuwa amedai kwamba amesahau neno la siri, tarakimu za kufungulia zikatumwa kwenye namba ileile ya hadharani, naye akazisoma kama anavyosomwa ubao wa matangazo. Kijana yule hakuwa mjinga. Alidhani kuwa namba aliyopewa ilikuwa yake, kwa sababu lugha haikumwambia vinginevyo.

Namba ya aina hiyo tungependa iitwe namba ya jamvi, kwa kuwa jamvini hukaa kila mtu. Tulifikiria namba ya shirika, kwani katika Kiswahili cha pwani kitu cha shirika ni kile chenye wenyewe wengi, lakini msomaji wa leo ataelewa kuwa ni namba ya kampuni ya umma. Ile ya dakika chache na iitwe namba ya kupita. Na ile ya mwezi, namba ya kukodi. Mwenye namba ya kukodi akumbuke pia kwamba kodi ikikatika namba hupewa mwingine. Jambo hili huzipata hata namba zenye laini: mwaka 2021 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza namba 259 zilizokuwa zikingoja wateja wapya katika kampuni mbili kubwa za simu za Marekani, wakaona kuwa 171 kati yake zilikuwa bado zimeungana na akaunti zilizokwisha kufunguliwa.

Yafaa tuseme neno pia juu ya tendo lenyewe. Maelezo mengi husema "kuhakiki utambulisho wako". Uhakiki una asili ya haki, yaani ukweli, na wahakiki wa fasihi wanajua uzito wake. Je, tarakimu sita zimehakiki nini? Zimeonyesha tu kwamba aliyeziandika aliweza kuusoma ujumbe uliofika kwenye namba fulani katika saa fulani. Hazikuonyesha yeye ni nani. Taasisi ya viwango ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, ilikataza namba zinazopokelewa kwa njia ya intaneti zisitumike kwa kazi hiyo, kwa hoja kwamba hazithibitishi kuwa mtu anacho chombo maalumu mkononi. Ukweli huo ungeonekana mapema katika lugha kama tungeliita tendo hilo uthibitishaji wa mapokezi na kuliacha neno utambulisho kwa vitambulisho.

Tena neno namba limechoka. Si ajabu leo kumsikia mtu akielekezwa hivi: weka namba uliyotumiwa kwenye namba yako, kisha weka namba ya siri. Namba tatu katika sentensi moja, na kila moja ni kitu tofauti. Katika nchi ambayo karibu kila mwenye simu amepata kutumiwa ujumbe wa kitapeli unaosema "ile hela itume kwenye namba hii", fujo ya namna hiyo humfaa tapeli peke yake. Akipiga simu na kuomba "ile namba", mzee wa watu haoni kuwa anaombwa ufunguo. Kinachotumwa kwa ujumbe na kiitwe tarakimu za ufunguo. Neno namba libaki kwa simu, na namba ya siri ibaki hivyo kwa kuwa watu wamekwisha kuizoea katika kutuma fedha.

Juu ya neno jamvi tunangoja kusikia kutoka kwa wasomaji, hasa wa Mombasa na Unguja. Tumearifiwa kuwa katika baadhi ya mitaa jamvi limekwisha kuwa jina la baraza za mazungumzo za humo humo katika intaneti. Ikiwa ndivyo, namba ya jamvi itaeleweka kuwa ni namba ya baraza fulani, na itatubidi tutafute neno jingine kabla hili halijachapishwa katika orodha yoyote.