Marufuku si Haramu

Ndugu msomaji, neno "marufuku" tunaliona kila siku ukutani: marufuku kutupa taka, marufuku kukojoa hapa. Na mara nyingi taka zenyewe huzikuta chini ya maandishi hayohayo. Basi na tulipime neno hili pamoja na ndugu zake wawili.

Mwiko ni katazo la mila. Auvunjaye huogopa balaa. Marufuku ni katazo la mwenye mamlaka. Hupigwa leo na huweza kuondolewa kesho, na alivunjaye huogopa askari. Haramu ni katazo la Mwenyezi Mungu. Halingoji askari wala haliondolewi na waziri.

Wengi hudhani haramu ni marufuku ya Kiarabu tu. Sivyo. Msikiti Mtukufu wa Makka huitwa Masjid al-Haram. Mwenye kuhiji huvaa ihramu. Mwezi wa kwanza wa mwaka wetu ni Muharram. Yote hayo yametoka katika shina moja, na maana yake ni kitu kitukufu kisichovunjiwa heshima. Kwa hiyo tunaposema damu ya mtu ni haramu, hatusemi tu kwamba imekatazwa kumwagwa. Tunasema ni tukufu.

Tofauti hii si ya vitabuni. Tazama Shinyanga na Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Mnamo miaka ya 2007 na 2008 nchi ilishtushwa na mauaji ya watu wenye ualbino, kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati ya mali. Sheria ya Uchawi ilikuwapo tangu mwaka 1928. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kuwafutia waganga wa jadi leseni. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa. Januari 2015 Serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Mwezi uliofuata, mkoani Geita, mtoto mchanga mwenye ualbino alitekwa nyumbani kwao, akauawa.

Hatusemi Serikali ilikosea. Ilitimiza wajibu wake. Lakini marufuku huuzuia mkono ulioonekana. Mtu aliyekwisha kumwona mwenzake kuwa ni dawa hajizuii kwa tangazo. Hungoja usiku tu. Kinachomzuia usiku ni kujua kwamba yule aliyelala ndani ni mtukufu mbele ya Mola kama yeye mwenyewe.

Wala sisi wa pwani tusijitoe kwa kusema, "Hayo ni mambo ya bara." Neno ramli halikuzaliwa Usukumani. Ni la Kiarabu, maana yake mchanga, nalo lilipita kwetu kabla ya kufika kwao. Hata leo wako kati yetu wanaoswali alfajiri, na jioni wakaenda kupigiwa ramli kwa ajili ya duka lisilouza au mke asiyezaa. Kutazamia ni haramu kwetu kama ilivyo haramu kwao. Anayeuliza mchanga habari za riziki yake leo, kesho ataambiwa alete nini?

Basi wazazi, tusiwafundishe watoto orodha ya makatazo peke yake. Tuwaambie pia ni utukufu gani unaolindwa na kila katazo.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.