Filme Yenye Kusimama mu Njia

Ku vitabu vyetu tunazoea kusifu desturi za wakubwa. Leo tunaomba ruhusa twende mbali, ku Mongolia, juu filme moja ya kule inatuonyesha kosa lenye siye wenyewe tunafanya.

Filme inaitwa Le Chien jaune de Mongolie, ya 2005. Mwenye kuitengeneza ni mama Byambasuren Davaa, muzaliwa wa Ulaanbaatar, alisomea sinema ku München, Ujerumani. Bwana na bibi wenye tunaona pale ni bwana na bibi kweli, na watoto ni wao. Wanafuga, wanahama kufuata majani. Nansal, binti yao wa kwanza, anarudi kutoka masomo ya mujini, anaokota imbwa mu pango. Baba anakataa: majirani wenye kuhamia mujini wanaacha imbwa zao, na zile zinaingia mu kundi la imbwa za pori zenye kukamata kondoo. Siku ingine baba anarudi kutoka kuuzisha ngozi, analeta upawa wa plastiki. Mama anautia mu chungu, unayeyuka. Watu watacheka, lakini ni hivi muji unaanza kuingia mu nyumba: ku soko, kidogo kidogo.

Sehemu yenye tulipenda zaidi ni ya kuhama. Bwana na bibi wanafungua nyumba yao ya duara: manyoya ya kondoo yaliyogandamizwa yanakunjwa, miti ya paa inashuka, kuta zinafungwa kama uzio. Kila mumoja anajua kazi yake. Nyumba ile iko na sheria: mulango unaangalia kusini, magharibi ni upande wa bwana, mashariki ni wa bibi, moto iko katikati na haitupiwi takataka. Kila fasi wanapofika, wanaisimamisha tena vilevile. Desturi, basi, haiko mu manyoya wala mu miti. Iko mu kazi ya watu wawili wenye kuirudilia.

Lakini hapa tunailaumu filme. Hadithi yake inaanza na mutoto kurudi kutoka muji, inaisha familia ikiwa mu njia. Nansal alipitisha baridi wapi, na nani? Hatuonyeshwe.

Na mu Mongolia, baridi ndiyo inaamua mambo. Baridi mbaya za 1999 mpaka 2002 ziliua mamilioni ya mifugo. Ile ya 2009 na 2010 iliua karibu milioni 10. Wengi waliingia Ulaanbaatar, wakasimamisha nyumba ileile ya duara ndani ya uzio wa mbao. Moto ya katikati ikala makala ya mawe, moshi ikafunika muji, mpaka serikali ikakataza makala mabichi 2019. Tena, tangu 2008 watoto wanaanza masomo na miaka 6. Mu familia nyingi, baridi ikianza, mama anafuata watoto mujini, baba anabaki na mifugo. Nyumba ya pande mbili inakuwa nyumba mbili za upande moja moja. Nani atamufundisha mutoto wa kiume mambo ya magharibi? Pale ndipo desturi inapimwa, na filme ilishasimama mu njia.

Siye pia tunasimama mu njia. Tunaandika juu ya ndoa ya kijiji, mavuno ya kijiji, mafumbo ya kijiji, kisha kalamu inachoka pale barabara ya Lubumbashi inaanza. Lakini kambo ameishafika mu parsele. Mwezi wa sita, baridi ikikamata, anakaa karibu na mbabula, anatoa fumbo, wajukuu wanajibu jicho likiwa ku televizio. Hatujaandika fumbo gani anatoa, gani anaacha juu watoto hawajue tena ule muti ao ile nyama, wala kama anatunga mapya. Akikufa, tutalia kusema desturi imepotea kijijini, na ilipotea mu parsele yetu, siye tukiwa pale.

Muitafute filme hiyo, ni nzuri, na watoto wataipenda. Kwa kitabu chenye kufuata, tunaomba kila mumoja akae na kambo wake karibu na mbabula, aandike yale yenye anasema huku, mujini, mwaka huu.