Diski Imejaa? Mtafute Kwanza Anayeijaza

Photoshop inapogoma kwa madai kwamba diski ya muda imejaa, wengi hukimbilia kufuta nyimbo na video. Kazi huendelea kidogo, kisha ujumbe ule ule hurudi, kwa kuwa kilichotibiwa ni dalili.

Programu hii hufanyia kazi picha ndani ya RAM. RAM ikielemewa, mzigo uliobaki huandikwa kwenye diski katika faili za muda, yakiwemo matabaka ya picha na historia ya hatua ulizopiga, ambayo kwa kawaida hufikia 50. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 yenye biti 8 kwa kila rangi huchukua takriban megabaiti 72 ikishafunguliwa, hata kama faili yake ya JPEG ni ndogo mno. Ukiipeleka biti 16, inakuwa 144, na kila tabaka jipya linaongeza uzito.

Chanzo kinachosahaulika zaidi ni kipimo cha kukatia picha. Fundi anataka pikseli 1000 kwa 1500, lakini kisanduku cha Crop kimebaki kwenye sentimita, na msongamano ni pikseli 300 kwa inchi. Anachoagiza hapo ni picha ya pikseli 118,110 kwa 177,165, yaani zaidi ya gigabaiti 60, badala ya megabaiti 4.5. Hakuna kufuta nyimbo kutakakotosha. Andika "px" baada ya namba, tatizo limekwisha.

Kama vipimo ni sahihi, funga programu utafute faili zinazoanza na jina "Photoshop Temp". Umeme ukikatika au programu ikizima ghafla, hubaki zikikalia nafasi bure, hizo zifute. Ukiwa katikati ya kazi, ingia Edit, kisha Purge, uchague All, ukijua kwamba hutaweza tena kurudi nyuma. Historia nayo ipunguze hadi 20.

Programu ikikataa hata kufunguka, kwenye Windows shikilia Ctrl na Alt inapoanza kuwaka, uchague diski nyingine yenye nafasi. SSD ya ndani inafaa. Flashi haifai, ni ya polepole mno.

Kwa hiyo kagua vipimo, kisha faili za muda, kisha historia. Diski mpya inunuliwe baada ya hapo, kama bado inahitajika.